Hewa ya Chungu cha Shangazi Otilia

Niseme mwenyewe kabla hajawaambia mwingine, maana najua kisa hiki kimeshateremka milima yote mpaka Mbamba Bay na huko kinasimuliwa na watu ambao siku ile hawakuwepo: ni kweli, mimi ndiye niliyechota hewa. Wengine wanaaibika kwa kuku, wengine kwa mke wa jirani, mimi nimeaibika kwa hewa, tena hewa ya kujaza kichupa kisichofikia kidole gumba, na hadi leo nikiingia mahali watu wakanyamaza ghafla najua walikuwa wanaongea nini.

Mnanifahamu. Mimi ni mtoto wa Umatengo niliyeondoka na shati moja nikarudi na diploma ya ufundi mitambo, pikapu na mashine ya kusaga, na hakuna mjomba wala mheshimiwa aliyenishika mkono. (Shangazi Otilia alinilipia ada ya sekondari kwa pombe aliyopika, hilo nalikubali, lakini diploma niliisomea mwenyewe.) Nilirudi Mbinga miaka ile viwanda vya Dar es Salaam vinauzwa kimoja baada ya kingine, na kila aliyeniuliza nilimwambia nimeacha kazi kwa hiari, ingawa hiari yenyewe ilikuwa ya mnunuzi wa kiwanda.

Ilikuwa miaka ya kutoaminiana. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda huku kwetu, kila mmoja na gari lake na mizani yake, na gunia lilelile lililokuwa zito asubuhi kwa huyu lilikuwa jepesi mchana kwa yule, bila mtu kutoa hata punje. Tukajifunza kwamba kitu chochote chenye mshale kinachosomwa na mgeni kinadanganya, na kinadanganya upande mmoja tu. Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini nilifanya nilichofanya, nitawaambia nilianza vizuri, nilianza kwa kutoamini mshale.

Mwezi wa tatu, Kwaresima imeshaingia, akaja dada mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu, jina lake Rehema, mwembamba, mpole, mwenye sanduku la mashine na ndoo nyeupe kumi na mbili. Mwenyekiti wa kijiji akatuitisha mkutano, dada akaeleza kwamba dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya hewa ya ukaa inayotoka kwenye viwanda, magari na misitu inayochomwa, na kwamba yeye amekuja kupima ngoro zetu kwa kuzifunika ndoo na kuvuta hewa yake.

Kwa msiozijua, ngoro ni mashimo yetu ya mraba kwenye miteremko. Nyasi zinakatwa, zinapangwa mistari inayokatizana kama madirisha, udongo wa katikati unachimbuliwa na kuzifunika, kinabaki kishimo cha kutunza maji, na juu ya kuta unapanda maharage. Hatuchomi nyasi, tunazifukia. Dada Rehema alitaka kujua nyasi zile zikioza zinatoa hewa kiasi gani na kiasi gani kinabaki udongoni.

Nikasimama (mimi nikiwa mkutanoni husimama, ndivyo nilivyo), nikasema, "Dada, nina diploma. Nimefanya kazi kiwandani miaka tisa, bomba la moshi la pale lilikuwa refu kuliko mnara wa kanisa letu, na sijaona mtu akilifunika ndoo. Wenye viwanda wamechoma makaa tangu enzi za mababu zao, leo mnakuja kupima shimo la maharage la bibi yangu. Mnatafuta wa kumtwika kosa, au mnatafuta hewa ya kuuza?"

Watu wakapiga makofi. Dada Rehema akangoja makofi yaishe, akasema, "Swali la viwanda ni la haki, kaka, hata mimi naliuliza. Lakini nisipopima hapa, wataandika tu kwamba wakulima wa milimani wanaharibu, na ninyi hamtakuwa na la kuwajibu."

Mzee Gaudensi, ambaye hajawahi kukosa mkutano wala msiba wala pombe, akasema kutoka nyuma, "Angeanzia bomba la mashine yako ya kusaga, Diploma. Nguo za wake zetu zote zimekuwa za kijivu." Kicheko hicho nilikihifadhi moyoni. Mwenyekiti akaamua dada aruhusiwe kupima, ila asiwe peke yake, aandamane na mtu mwenye elimu wa kumchunguza, na macho yote yakanigeukia. Ndivyo nilivyopewa ulinzi wa hewa ya kijiji.

Siku kumi nilimfuata dada yule mteremko baada ya mteremko nikiwa nimembebea sanduku. Anafunika ndoo juu ya ukuta wa ngoro, anakandamiza kingo ziingie udongoni, anangoja nusu saa, halafu anachoma bomba la sindano kwenye kizibo cha mpira juu ya ndoo, anavuta hewa, anaisukumia kwenye kichupa, anabandika karatasi yenye jina la mwenye shamba. Watu walikuwa wamejibanza kwenye mibuni wakitazama. Wengine walisema anavuta rutuba, na mama mmoja aliapa kwamba maharage yake yaliyofunikwa ndoo yamenyong'onyea. Mimi nilijua rutuba haivutiki kwa sindano, lakini nilitikisa kichwa kama mtu anayejua zaidi ya anayosema, na hiyo ilitosha kuwatia hofu zaidi.

Kilichoniudhi ni kwamba sikuona wizi wowote. Siku kumi nzima. Mtu akipewa kazi ya kumkamata mwizi, halafu mwizi akawa mtu wa kawaida anayekula viazi na kuwasalimia wazee shikamoo, mkamataji anaonekanaje? Na mkutano wa majibu ulikuwa Jumamosi, mbele ya kijiji kizima.

Sasa hapa lazima niwaeleze mambo ya shangazi. Shangazi Otilia alikuwa kiongozi wa akina mama wa parokia, na Kwaresima ile yeye mwenyewe ndiye aliyewaongoza kuweka nadhiri kanisani kwamba hapikwi pombe mpaka Pasaka. Hakuishia kuapa, alizunguka nyumba kwa nyumba akifunua vyungu, na wiki ya pili alimkuta mama Kandida na chungu cha komoni akammwagisha chote uani, mbele ya watoto wake. Mama Kandida hakusema kitu siku ile. Alikuwa anaweka akiba.

Lakini shangazi huyohuyo alikuwa mjane, goti lake moja limekufa, na shamba lake la mteremkoni lilikuwa bado nyasi tupu wakati mashamba ya wenzake yameshachimbwa. Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha. Ngoro zisipochimbwa wiki ile hakuna maharage, na maharage ndiyo yaliyokuwa chakula chake cha mwaka mzima. Kwetu mtu asiye na nguvu za kulima anaalika majirani, wanakuja kwa siku moja wanamaliza, na jioni anawapa pombe. Bila pombe watakuja, ndiyo, watakuja kukusalimia. Basi shangazi akapika kwa siri, chungu kikubwa cha komoni ndani ya chumba cha kuhifadhia kahawa, akakifunika kwa magunia. Mlango kwa mlango tunakaa, nikasikia harufu. Akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, ninaowaalika ni watano tu na wameshaapa watanyamaza. Jumatatu wanalima, halafu nitakwenda kuungama. Usiniangushe." Nikamwambia, shangazi, mimi ni kaburi.

Ijumaa dada Rehema aliteremka ziwani kufuatilia vipimo vyake vya mashamba ya Kihagara, akaniachia sanduku na ndoo nimtunzie mpaka kesho. Nikakaa nikilitazama sanduku lile, na hapo ndipo wazo dogo, zuri, la mtu aliyesoma, likaniingia. Nilijiambia: mashine hii ni ileile mizani ya kahawa, haijui inachopima, inasoma anachotaka mwenyewe. Nikimwekea hewa ya ndani ya nyumba badala ya hewa ya shamba, mashine itasoma kama kawaida, yeye atasema hii ni ya shamba la fulani, nami nitasimama niseme hapana, hii nimeichota mwenyewe ndani. Dada atanywea, kijiji kitajua kwamba hakikukosea kuniamini.

Ningechota hewa ya chumbani kwangu mkasa usingekuwepo. Lakini nilitaka hewa ya ndani kabisa, mahali ambapo hakuna atakayeweza kusema upepo wa shambani umeingia, na chumba kisichofunguliwa dirisha kilikuwa kimoja, kile cha kahawa cha shangazi. Shangazi alikuwa kanisani kwenye Njia ya Msalaba. Niliingia na ndoo na bomba la sindano na kichupa cha akiba. Sakafu ilikuwa imejaa madebe ya kahawa, nikatafuta mahali pa kufunika ndoo nisipate, nikaona ndoo inautosha mdomo wa chungu kama kofia. Nikaondoa magunia nikaifunika. (Ndiyo, nilijua kuna pombe. Ndiyo, kiwandani nimefundishwa habari za gesi. Ila siku ile nilikuwa nawaza jinsi nitakavyosimama.) Nikangoja nusu saa huku povu linapumua humo kwa sauti ya mtu anayekoroma, nikavuta hewa, nikaifunga kwenye kichupa, nikabandua karatasi ya shamba la mzee Gaudensi kutoka kwenye kichupa chake nikaibandika kwenye changu. Kwa nini Gaudensi? Mnakumbuka ile habari ya nguo za kijivu.

Jumamosi watu walijaa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, ambalo siku hizo lilikuwa tupu kwa sababu kahawa yote iliishia barabarani kwa wanunuzi. Dada Rehema akaweka mashine yake mezani, akapanga ndoo ukutani, akasema atapima vichupa vichache hadharani ili kila mtu aone. Cha kwanza, mshale ulisogea kidogo. Cha pili, hivyohivyo. Akaeleza kwamba nyasi zilizofukiwa zinatoa hewa polepole, na watu wakaanza kulegea mabega. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na meza, nimevaa koti.

Akasukuma hewa ya kichupa cha tatu. Mshale ukaruka kutoka mwanzo ukaenda kugonga mwisho, ukabaki hapohapo unatetemeka, na mashine ikaanza kulia kama kifaranga.

Dada akaizima, akaiwasha, akarudia. Ukaruka tena. Akasoma karatasi, akasema taratibu, "Mzee Gaudensi, samahani. Katika shamba lako umefukia nini?"

"Nyasi," akasema mzee.

"Nyasi peke yake haziwezi. Chini ya hapa kuna kitu kikubwa kinachooza au kinachochachuka."

Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Maneno yangu nilikuwa nayo tayari, nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo, lakini yalikuwa maneno ya mashine iliyodanganywa, na mashine ilikuwa imekataa kudanganyika. Nikakohoa. Na katika muda ule wa kukohoa mama Kandida akasimama.

"Kitu kikubwa kinachooza," akasema. "Mbuzi wangu amepotea tangu wiki iliyopita. Jike, tena ana mimba."

Ghala lote likamgeukia Gaudensi. Mtu akasema kumbe ndiyo maana juzi alikuwa anachimba peke yake. Mwingine akakumbuka kwamba hata kuku wa mwalimu hawakupatikana. Mwingine akauliza kwa sauti ya chini kama ni mbuzi tu. Ndani ya dakika chache watu waliokuwa hawaiamini mashine siku kumi wakawa wanaiamini kuliko Biblia, na vijana wakaanza kutoka kwenda kuchukua majembe, wakafukue shamba lote lenye maharage yaliyokwisha kuchipua mpaka mbuzi aonekane.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa benchi la mbele, rozari mkononi, ananitazama mimi wala si Gaudensi, kwa sababu yeye ndiye aliyenilea na anaujua uso wangu wa uongo tangu nina miaka sita. Nikaliona akilini shamba la mzee likifukuliwa. Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu mwenye koti, "Ngojeni. Hiyo hewa haijatoka kwa mzee Gaudensi. Nimeichota mimi. Nyumbani kwangu."

Dada Rehema akanitazama bila hasira, na bora angekasirika. "Nyumbani kwako kuna nini, kaka?"

"Hakuna kitu. Hewa tu."

Mzee Gaudensi akanyanyuka taratibu. "Hewa tu, na mimi nilikuwa nusura nizikwe na mbuzi," akasema. "Alichotea ndoo ipi? Nileteeni."

Ndoo ilijulikana mara moja, ndani yake kulikuwa na duara la povu lililokauka, maana kuiosha sikuiosha. Mzee akaishika kwa mikono miwili, akaingiza kichwa chote, akavuta pumzi, akakaa humo. Alipotoka uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake safarini.

"Komoni," akasema. "Ya siku tatu. Kesho kutwa itakuwa imeiva."

Akampa jirani yake. Naye akanusa. "Kimea ni ulezi."

"Ulezi umeungua kidogo," akasema wa tatu.

"Haukuungua, ameukausha juu ya moto badala ya jua," akasema mama mmoja. "Anaharakisha."

Ndoo ikawa inapita pua kwa pua, kila mtu anatoa matokeo yake, na naapa sijawahi kuona maabara ya namna ile, hakuna aliyempinga mwenzake, walikuwa wanaongezea tu. Dada Rehema alikuwa amechukua kalamu anaandika. Niliona pia watu watano ambao ndoo ilipowafikia waliipitisha haraka bila kuinusa, macho chini. Mwisho ikamfikia mama Kandida. Alinusa mara moja tu.

"Nyumbani kwako huna chungu, Diploma," akasema. "Na hapa kijijini anayekausha kimea juu ya moto ni mtu mmoja, ndiye aliyetufundisha wote kupika. Ila mimi sisemi. Mimi pombe yangu ilimwagwa, pua yangu imefunga."

Sikumtazama shangazi. Nilisikia tu benchi likilia, na goti lake likilia pamoja na benchi.

"Ni yangu," Shangazi Otilia akasema. "Nimepika ili nilimiwe. Nilikumwagia yako, Kandida, na wewe ulikuwa na shamba kama mimi. Mwenyekiti, naomba watu watano waje nyumbani washuhudie."

Akaenda, anachechemea, kijiji kizima nyuma yake, na akakiinamisha chungu mwenyewe uani. Hakukubali mtu amsaidie. Mzee Gaudensi alivua kofia. Rozari yake shangazi aliiweka juu ya chungu kilichoinama, akamwambia mama Kandida kwamba kuanzia Jumapili yeye ndiye awaongoze akina mama, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Mbuzi, kwa taarifa yenu, alirudi mwenyewe jioni ile na watoto wawili.

Jumatatu hakuja mtu kulima, wangekujaje. Kulipopambazuka nilikuwa peke yangu kwenye mteremko wa shangazi na fyekeo na jembe, mimi na diploma yangu. Mara ya mwisho kuchimba ngoro nilikuwa darasa la sita. Nilikata nyasi, nikazipanga, na mama Kandida akapita njiani na jembe begani, akasimama akanitazama muda mrefu.

"Unapanga kama unatandika kitanda," akasema. "Nyembamba hivyo mvua moja inaondoka nazo. Nenepesha."

Nikanenepesha. Kesho yake akapita tena, akasema mstari wa chini umepinda. Siku ya tatu hakusema kitu, akashuka, akachimba safu mbili, akaondoka. Siku tisa nilichimba, mikono ikachubuka mpaka nikawa nashika kijiko kwa vidole viwili, na mvua ya mwisho ilitukuta maharage yameshaingia udongoni.

Dada Rehema alikuja kuniaga. Nilimwomba radhi, nikamwambia bado naamini wenye viwanda ndio wapimwe kwanza (na naamini hivyo mpaka leo, hasa nikiona malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yakipita na sisi tukiambiwa tupande miti). Akasema hata yeye. Halafu akauliza kama anaweza kufunika ndoo kwenye ngoro zangu. Nikamwambia apime, mimi nitakaa pale juu, mbali, mikono yangu aione.

Maharage yalitoka, si mengi kama ya wenye mikono, lakini yalimfikisha shangazi hadi msimu mwingine. Nimeapa tangu siku ile sibishani na kipimo cha mtu mpaka nijue kwanza mimi mwenyewe nimepima nini, na hewa ya nyumba ya mtu naivuta kwa pua, naiacha humohumo.

Pasaka shangazi alipika tena, mchana kweupe, mlango wazi. Wote tulikuwepo, Gaudensi wa kwanza. Akapita na kibuyu akimimina, akamjazia mama Kandida mpaka ikamwagika. Aliponifikia mimi akaweka kiganja juu ya mdomo wa kibuyu, akanikagua kuanzia mikono mpaka nyuma ya kiti.

"Wewe," akasema, "utainywea hapahapa, nikikuona."